Matairi ya Tela Letu

Mwezi huu nina la kuungama.

Mimi na baba watoto tulinunua tela la safari. Ni lile dogo la kuvuta nyuma ya gari, lenye hema la kukunjua juu na jiko pembeni. Tuliuziwa na familia ya wageni waliokuwa wanarudi kwao. Raha iliyoje! Pasaka tukapanga kwenda Lushoto na watoto.

Wiki moja kabla ya safari mwenzangu akaniambia, "Mama, yale matairi ya tela tubadilishe." Nikatoka uani kuyaangalia. Kashata zote zipo, meusi ti! Nikamwambia, "Mapya kabisa haya, unataka kutupa hela bure?" Hela yenyewe, nakiri, nilishaipigia hesabu ya nguo za sikukuu. Akanyamaza. Wanaume wakinyamaza sisi huwa tunadhani tumeshinda.

Tulipokaribia Korogwe, pah! Tela likaanza kuyumba kushoto, kulia, na mbele basi linakuja. Mume wangu hakukanyaga breki kwa nguvu. Aliachia mafuta taratibu, akashika usukani kwa mikono miwili mpaka gari likasimama pembeni. Watoto nyuma wanalia. Spea ya tela hatuna.

Fundi pancha alikuja na bodaboda. Akapangusa vumbi ubavuni mwa lile tairi la pili lililobaki, akanionyesha tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT: 1109. "Dada, hili limetengenezwa wiki ya 11 ya mwaka 2009." Jamani! Mwaka 2009 mimi na mume wangu tulikuwa hatujaonana hata siku moja!

Ndipo nikaelewa. Tairi la gari la kila siku huisha kwa kusuguliwa na lami. La tela huzeeka limesimama, linapigwa jua na kubeba uzito palepale, mpira unakauka na kupasuka nyufa ndogo ndogo. Kashata zinakudanganya. Likishaanza kuzeeka, mwite fundi alikague kila mwaka. Umri wake ukipita kiasi, achana nalo hata kama linang'aa.

Jambo la pili ni mzigo. Tela letu likijaa linafika kilo 1,200, yaani kila tairi libebe 600. Yale ya zamani yalikuwa ya gari dogo, yameandikwa namba 91, maana yake mwisho ni kilo 615. Zinabaki kilo 15 tu! Ndoo moja ya maji inazimaliza. Safari hii tumechukua yenye herufi C, ya magari ya mizigo myepesi, namba 102, ambayo kila moja linamudu kilo 850. Yote mawili ni ya aina moja na saizi moja, na spea vilevile.

La tatu ni upepo. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja sana, likapata joto, likapasuka. Pima asubuhi kabla hujaondoka, tairi likiwa bado baridi. Usijaze kwa kukisia wala kwa kipimo cha gari. Fuata kilichoandikwa kwenye kibao cha tela, bila kuzidi kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Na tela likipaki nyumbani, yafunike matairi yasipigwe jua.

Usiku ule tulilala Korogwe. Hela ya nguo za sikukuu ilikwenda kwenye matairi, tena na ya gesti juu yake. Nilikuwa nasubiri lile neno, "Si nilikwambia?" Halikuja. Aliniuliza tu kama watoto wameshakula. Nikaomba msamaha mwenyewe, bila kulazimishwa, na wala haikuwa rahisi.

Wapendwa, kwenye bajeti ya nyumba kuna vitu visivyopendeza kwenye picha. Mwenzako akikwambia kimoja kibadilishwe, kabla hujasema "mapya haya", inama usome tarakimu nne.

Lushoto tulifika kesho yake. Baridi tamu kweli!

Tukutane mwezi ujao.

Mhariri