Mchuma wa kale? Kadi kwanza, honi baadaye!

Kuna ugonjwa umewaingia vijana wenzangu, na mimi mwenyewe wala sijapona. Ukikaa kijiweni hapa Maramba jioni, pale wenye bodaboda wanapongojea abiria, watu wakishamaliza mpira na mapenzi wanahamia kwenye michuma ya Kimarekani. Huyu anataka Mustang, yule anataka Pontiac GTO. Kisa sinema! Gari linanguruma kama simba aliyelala na njaa, jamaa ndani katupia miwani ya jua, pembeni mtoto wa kike nywele zinapeperuka. Nani asiyezimia hapo?

Haya, tuambizane ukweli. GTO ilitoka mwaka 1964, mwaka ule ule wa Mustang. Injini yake ya silinda nane ilikuwa na lita 6.4. Ndugu yangu, hiyo si injini, hiyo ni mashine ya kusagia mahindi ya kijiji kizima! Usukani wake uko kushoto, nasi tunapita kushoto mwa barabara, kwa hiyo kila ukitaka kulipita lori inabidi umuulize abiria kama mbele ni kweupe. Na hata ukiwa na mshiko wa kuliagiza, taa ikipasuka utaikuta wapi? Ngamiani?

Ndo maana mimi nasema kila nchi ina misuli yake. Ya kwetu ilikuwa na silinda nne tu, lita 1.6, imelazwa upande ndani ya boneti kama mtu aliyejiegemeza kwenye jamvi. Inaitwa Peugeot 404. Wazee wanaiita Pijo, yamekwisha.

Usicheke. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na kwa miaka mingi yalikata Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari ya maana kutoka Ulaya yalikuja kuumbuka kwenye matope yetu. Basi 404 ilibeba ushindi mwaka 1963, ikabeba tena 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na mwaka 1968 magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu, na mara zote mbili la kwanza lilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Ile miaka miwili ya katikati je? Alishinda Bert Shankland, Mskochi aliyekuwa mkazi wa Tanzania, akiwa na mwenzake Chris Rothwell. Kwa hiyo ukisikia kijana anadharau Pijo, mwambie akamuulize babu yake.

Wenzetu Kenya walishaliona hilo. Mwaka 2003 walianzisha mashindano ya Safari ya magari ya kale tu, na zaidi ya mara moja yameingia mpaka huku Tanzania. Mkweche unaofugia kuku wewe, kuna mtu anautafuta kwa tochi.

Sasa unautafuta wapi? Kwanza, usianzie ufukweni Tanga mjini. Hewa ya chumvi inakula bati kama mchwa. Gari linang'aa kwa juu, ukiingiza kidole chini ya mlango kinatokea upande wa pili. Panda huku kwetu, chini ya milima ya Usambara, mbali kidogo na bahari. Mvua tunazo, lakini gari lililolala ndani ya banda lenye paa linakaa. Pili, usiwaulize vijana, waulize wazee. Muulize fundi baiskeli mwenye mvi, muulize dalali wa machungwa anayeingia mashambani mpaka uani kwa watu. Magari haya yalikuwa ya wafanyabiashara na wakubwa wa mashamba ya mkonge. Wenyewe wengi wameshatangulia mbele ya haki, magari yamebaki.

Mimi langu niliambiwa na dalali wa machungwa. Banda moja, njia ya kwenda Daluni. Siku ya pili yake akanipigia simu kijana wa nyumba hiyo hiyo.

"Kaka, njoo na laki sita mkononi. Leo leo. Kesho jamaa wa vyuma chakavu anakuja na mtungi wa gesi, analikata."

Laki sita! Mfukoni nilikuwa na milioni moja na kidogo, akiba ya misimu miwili ya machungwa na hivi visenti vya kuandika. Nikadandia bodaboda, roho juu.

Nikalikuta. Jeupe lililogeuka rangi ya maziwa ya jana, vile vimapezi vyake vya nyuma viko wima, namba za zamani kabla ya hizi za T. Kiti cha nyuma kuna kuku ameatamia, na aliniangalia kama mimi ndiye mwizi.

Hapa ndugu msomaji nakupa elimu ya bure. Wengi wakiona gari la zamani wanafungua boneti kwanza. Acha! Injini ni kitu cha mwisho. Land Rover ya zamani ina chesisi yake peke yake chini, na bodi ya alumini imefungwa juu kwa nati. 404 haiko hivyo. Bodi yake ndiyo chesisi yake. Sakafu ikioza, gari zima limeoza, hata injini ikilia kama mpya. Kwa hiyo lala chini na bisibisi na sumaku. Gonga sakafu. Gonga vile vizingiti vya chini ya milango. Gonga pale springi za mbele zinapoegemea kwa ndani, maana pakiachia hapo tairi inahama. Bisibisi ikizama, ondoka. Kisha pitisha sumaku kwenye bodi. Ikishika, hilo ni bati. Ikidondoka, hapo pamezibwa kwa puti, na puti haina mfupa.

Langu lilikuwa na tundu mbili sakafuni upande wa dereva, kila moja kama kisahani cha chai. Vizingiti vizima. Fundi bati wa kueleweka anaziba hizo kwa siku mbili. Injini imegoma kuzunguka, lakini hiyo haikunitisha. Gari hili linakubali kuwashwa kwa hendeli. Unatoa plagi, unamwagia oili kwenye silinda, unaiacha siku kadhaa inywe, halafu unazungusha kwa mkono taratibu. Ukilazimisha kwa pupa unavunja ringi.

Nikamgeukia kijana. "Kadi iko wapi?"

"Kadi ipo kwa mama."

"Mama yuko wapi?"

"Yuko shamba."

"Anajua kama unauza?"

Akaanza kuhesabu minazi.

Nikakaa kwenye gogo, nikasubiri. Saa kumi mama akarudi, kuni kichwani. Nikampokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuliangalia gari la mzee, au umekuja kulichukua?"

Sikuwa na jibu la haraka. Akaingia ndani, akatoka na kadi imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, juu yake kitambaa. Jina la marehemu mumewe, limeandikwa kwa mkono, wino umepauka lakini unasomeka. Namba ya chesisi nikaenda kuilinganisha na ile ya kwenye gari, tarakimu kwa tarakimu. Sawasawa.

"Gari hili ndilo lililonipeleka Bombo usiku," mama akaniambia, "nina uchungu wa huyu huyu anayetaka kuliuza. Sikatai kuuza, mwanangu. Paa la nyumba linavuja, masika yakija tutalala tumesimama. Lakini huyu ana ndugu zake wanne, mmoja yuko Mombasa. Watakuja kuniuliza, mama, gari la baba liko wapi? Nitawajibu nini?"

Hapo ndipo penye kasheshe yenyewe, na ndipo vijana wengi wanapoliwa. Marehemu hasaini mkataba. Mali yake si ya mtoto mwenye simu, wala si ya mjane peke yake. Ukoo unakaa kikao, unaandika muhtasari, unapendekeza mtu, kisha mahakama ya mwanzo inamteua kuwa msimamizi wa mirathi. Huyo ndiye mwenye mkono wa kukuuzia. Akishasaini mkataba, ndo mnakwenda TRA kubadilisha jina kwenye kadi. Habari njema ni kwamba ile ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017, kwa hiyo mwaka unaopita gari likiwa bandani haukuongezei ada hiyo. Lakini bila karatasi ya mirathi, umenunua banda la kuku lenye usukani.

Fikiria sasa. Umetoa laki sita. Umechomelea bati, umepaka rangi, umeshona viti, umemaliza milioni nne. Siku unatanua nalo Tanga mjini, anatokea mtu kutoka Mombasa: "Samahani kaka, hili gari ni la baba." Na kweli ni la baba yake! Utamwambia nini?

Jioni ile ile tulikwenda kwa mwenyekiti, mimi, mama na yule kijana, ambaye kwa kweli hakuwa mbaya, alikuwa na shida zake tu. Tukaandika. Bei ni milioni moja kamili. Senti tano haitoki mpaka msimamizi awe na karatasi ya mahakama. Na ndugu mmoja akikataa, biashara imekufa, hakuna kudaiana. Mama akaweka dole gumba. Kijana akasaini, kanuna.

Kijiweni wamenicheka wiki nzima. "Umepewa kwa laki sita, umeongeza mwenyewe mpaka milioni! Fala kweli wewe!" Mmoja kaniita Baba Huruma. Wacheke tu. Ile laki nne ya juu ndiyo bei ya kulala usingizi. Na kusema kweli ndiyo bei ya bati za mama, maana zile laki sita zingeishia kwa mtu mmoja, na kule ndani angebaki na ndoo za kukingia mvua.

Sasa hali ilivyo ni hivi. Kikao cha ukoo kimekaa. Watoto wanne wamekubali. Wa Mombasa anasema anataka kwanza aje alione gari la baba yake kwa macho, na mimi siwezi kumlaumu, hata mimi ningetaka. Wakati huo huo jamaa wa vyuma chakavu ameshapita mara mbili. Ameanza na laki nne, sasa amefika laki tano, taslimu, bila karatasi, bila maswali. Mara zote mama amemwambia arudi siku nyingine. Hajamwambia asirudi. Mawingu nayo yanajikusanya kule mlimani, na nyumba inavuja. Siku mama akisema basi, nitakuwa na milioni yangu mfukoni na hadithi ya kuwasimulia. Hilo nimelikubali tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo wewe unayetaka mchuma wa kale, shika hesabu yangu. Usitumie hela yote kununulia. Mimi kwa kila shilingi ya kununua natenga nyingine mbili za fundi, na ukikosa hizo mbili, gari litahama banda tu, litoke kwa mama wa watu lije kufia kwako. Nauli ya kulikokota iingize kwenye bei, maana Fuso halibebi kwa salamu. Tafuta gari lililo zima viungo kuliko lenye injini inayowaka, kwa sababu pistoni utazipata kwa kuulizia, hata ukivuka Horohoro kwenda Mombasa, lakini mapambo ya dirishani, taa za nyuma na vitasa ndivyo vitakavyokuchosha. Na ukiambiwa "leo leo", jua kuna mtu hajaambiwa.

Mimi nimeomba ruhusa ya mama, kila Jumamosi nakwenda kulimwagia oili kwenye silinda, nalipangusa vumbi, kuku tumemhamishia kwenye tenga. Juzi nilizungusha hendeli kidogo, ikasogea kama upana wa kidole. Mama alikuwa mlangoni anachambua mchicha, akauliza, "Limeitika?" Nikamwambia bado, limejigeuza tu usingizini.

Haya, tukutane wiki ijayo. Na kama wewe uko Pangani, Lushoto, Korogwe au popote pale, na una taa ya nyuma ya kulia ya 404 inayozagaa stoo, tafadhali usiitupe wala usiwape wa vyuma chakavu. Niandikie kupitia gazeti hili, tuongee bei. Ndugu wa Mombasa akikubali, inshallah, nitakuja kuichukua mwenyewe.