Malaria: si mwili wako umezoea dawa, ni mududu

Kila mara tukigusa habari ya malaria ku antena, kuna musikilizaji anapiga simu na kusema: "Mimi zile kinini hazinifanyi kitu tena, mwili wangu umeshazizoea." Hata mama yangu anasema vile nyumbani. Ni neno dogo, lakini iko na kosa ndani, na ile kosa inaweza kutugharimu sana.

Mwili wa mutu hauzoei dawa ya malaria. Anayebadilika ni mududu mwenyewe, ile parasiti ambayo mbu anatuingizia ndani ya damu. Na hii si kushindana juu ya maneno. Kama ingekuwa mwili wako umezoea, shida ingebakia kwako peke yako. Lakini mududu hana mwenyewe. Mbu anakuuma leo, na nyuma ya siku kumi ao kumi na ine hivi, anamupelekea mutoto wa jirani mududu ule ule.

Anabadilika namna gani? Mutu mwenye malaria ya nguvu anabeba parasiti kwa miliari, na karibu kila siku mbili zinazaana upya. Kila moja inanakili maandishi ya uzazi wake, kama vile mwanafunzi ananakili ubao. Katika kunakili mara mingi hivi, makosa yanaingia. Karibu yote hayana maana. Lakini mara moja moja, kosa fulani linamupa mududu nguvu ya kuvumilia dawa. Kama hakuna dawa ndani ya damu, yeye ni mumoja tu kati ya wengi, hana faida. Dawa ikifika na kuua wengine wote, anabaki peke yake na shamba lote. Dawa haimuumbi mududu sugu, inamusafishia njia. Na dawa kidogo, ile ya nusu nusu, njo inamusaidia zaidi: inaua wazaifu na kuacha wenye nguvu.

Wazee wetu waliona hii filme. Wanakumbuka Nivaquine, ile klorokini chungu. Mwisho wa miaka ya 1950, parasiti zenye kuishinda zilionekana kwenye mupaka wa Thailandi na Kambodia, na vilevile Amerika ya Kusini. Mwisho wa miaka ya 1970 zilifika Afrika ya Mashariki, kisha zikapanda mpaka kwetu. Congo iliacha klorokini mwaka 2001, ikashika Fansidar. Kufika 2005 ile nayo ikaachwa, tukaingia kwa dawa za leo zenye artemisinini. Kati ya dawa kuanza kushindwa na serikali kuibadilisha ilipita miaka mingi, na watoto njo walilipa.

Malawi iliacha klorokini mapema, mwaka 1993. Kama miaka 12 nyuma, watafiti waliijaribu tena kule Blantyre, na iliponya karibu watoto wote. Dawa ilipotoka, mududu sugu alipoteza faida yake, wale wa kawaida wakarudi. Lakini hakuna anayesema turudishe klorokini peke yake: ule mududu angerudi mbio.

Sasa tuko wapi? Artemisinini inatoka ku majani ambayo Wachina wanajua tangu zamani, na Bi Tu Youyou alipata tuzo ya Nobel mwaka 2015 juu ya kuigundua. Inaua haraka, lakini nyuma ya masaa machache imeshatoka mwilini. Ndiyo maana inaungwa na dawa ya pili, lumefantrini ao amodiakini, yenye kubakia siku mingi na kumaliza wale waliojificha. Katika Rwanda, damu zilizochukuliwa tangu 2014 zilionyesha parasiti zenye kuchelewa kufa mbele ya artemisinini. Tena hazikutoka Asia, zilizaliwa hapa hapa Afrika. Kaskazini mwa Uganda kuna zingine, na Kagera ya Tanzania vilevile. Ukiangalia ramani, utaona tumepakana na zote tatu. Mbu hana jeton ya kuvuka mupaka, na sisi tunavuka kila siku, wengine kwa biashara, wengine kwa kukimbia vita.

Tusiogopeshane: dawa bado zinaponya. Mududu huyu anachelewa kufa, hajakataa kufa, na dawa ya pili inamumaliza. Lakini mzigo wote sasa uko juu ya ile ya pili. Kule Kambodia, ya pili nayo ilipochoka, wagonjwa walianza kurudi.

Njo maana ile pakiti iliyobakia nusu juu ya meza inanisumbua. Amodiakini inachokesha mwili, watu wanaiacha siku ya pili. Mama mwingine anagawa pakiti moja kwa watoto wawili. Mimi simuhukumu. Kituo cha afya kikikosa dawa, na ku soko wanauza kinini moja moja, afanye nini? Hiyo ni kazi ya wenye kuleta dawa kwanza. Lakini ukiwa nayo, imalize siku zote tatu. Lumefantrini inaingia vizuri na mafuta: sombe ya mawese ao maziwa inatosha. Chai ya artemisia, najua wengi wanaipenda, na OMS haiikubali: haujui ni dawa kiasi gani iko ndani ya kikombe, na hiyo ni nusu dozi kwa jina lingine.

Tena si kila homa inayokataa kupona ni mududu sugu. Ile tesiti ya haraka inaweza kuonyesha malaria wiki kadhaa nyuma ya kupona, juu inasoma mabaki ya mududu. Ukiwa na homa siku ya tatu, rudi wakupime na mikroskopi, usijiongezee kinini zingine. Inaweza kuwa tifoidi ao kitu kingine kabisa.

Na kama mutoto alilazwa akapewa sindano za artesunate, anaamka, anaomba chakula, kila mutu anafurahi na kufunga mizigo. Sindano peke yake haimalizi. Mbele ya kutoka, uliza muganga: kinini za siku tatu ziko wapi?