Msimwambie Aache Dawa

Juzi hapa Bukiriro mama mmoja alifika ofisini kuchukua cheti cha ubatizo, akaniuliza jambo. Mwana wa dada yake amepewa figo na kaka yake huko Dar es Salaam. Amerudi na nguvu, lakini uso umekuwa wa mviringo, na mikono yatetemeka akishika kikombe. Majirani wanamwambia, "Dawa hizo zinakuua, ziache." Wengine wanataja uchawi.

Tangu Novemba 2017 figo hupandikizwa Muhimbili, na tangu 2018 katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Basi yafaa tuelewe.

Mwili una walinzi wake. Huiona figo ya mwingine kuwa mgeni, hata ikiwa ya ndugu, wakaipiga vita. Mwaka 1954, huko Boston, Marekani, Daktari Joseph Murray alifaulu kwa kuwa mtoaji na mpokeaji walikuwa mapacha wa kufanana kabisa. Kwa wengine, lazima walinzi wapunguzwe nguvu kwa dawa, kila siku, muda wote figo hiyo ifanyapo kazi.

Lakini mlinzi anayesinzia hupitwa na wezi. Kifua kikuu na homa nyingine humpata mgonjwa kwa urahisi. Tena prednisoloni huvimbisha uso na kudhoofisha mifupa. Takrolimasi hutetemesha mikono, huweza kuleta kisukari na kupandisha shinikizo la damu. Hayo ni ya dawa, hayana mchawi.

Je, aache? Hata kidogo! Akiacha, figo yaweza kukataliwa, naye arudi kwenye mashine ya kusafisha damu. Aeleze yote kwa daktari. Yeye hupima damu, akapunguza dawa au akaibadili.

Nanyi wa nyumbani, mkumbusheni saa za kumeza. Hesabuni vidonge kabla havijaisha, maana Ngara ni mbali. Akipata homa, hata ndogo, apelekwe upesi. Asinywe mitishamba wala dawa ya dukani pasipo kumwuliza daktari. Mwanamke naye amwulize kabla ya kushika mimba, kwani baadhi ya dawa hizo humdhuru mtoto tumboni.

Kaka yule ametoa figo yake moja. Sisi majirani tusiipoteze kwa maneno ya kilabuni.