Mtambo ukigoma, mbona faini nilipe mimi?

Unakijua kile kiduara kinachozunguka kwenye skrini. Umejaza fomu kurasa nne, umepakia kitambulisho, umelipa kwa M-Pesa na ujumbe wa kuthibitisha umeingia. Kisha kiduara kinaanza kuzunguka. Kinazunguka weee, na mwishowe unaletewa sentensi moja: kuna hitilafu, jaribu tena baadaye. Hiyo baadaye ni lini? Hakuna anayekwambia. Unachojua ni kwamba makataa ni leo saa sita usiku.

Kulalamika tumelalamika vya kutosha, kwa hivyo leo tuongee mambo ya maana. Programu zote duniani hukosea kwa sababu zimeandikwa na watu. Simlaumu fundi kwa kosa moja kwenye msimbo wake. Kinachoniuma ni kwamba mtambo ukikosea, anayelipa ni wewe. Unalipa kwa bando, kwa kredo, kwa nauli, kwa kazi uliyokosa, na mara nyingine kwa faini. Ombi langu ni fupi: mtambo ukisimama, saa nayo isimame.

Na usidhani hilo haliwezekani. Mwishoni mwa Juni 2023 Rais William Ruto alizindua huduma zaidi ya 5,000 za serikali kwenye eCitizen. Kabla hata mwezi haujaisha, mtambo huo ulivamiwa mtandaoni. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilisema ndilo lililohusika, na waziri wa ICT wakati huo, Eliud Owalo, akakiri kwamba eCitizen ilikuwa imeshambuliwa. Watu walikwama kwenye pasipoti, leseni za kuendesha gari na hata tiketi za treni. Lakini sikiliza hili: wageni waliokuwa wakiingia nchini na kushindwa kupata viza mtandaoni waliruhusiwa kuipata walipofika. Serikali ilielewa upesi kwamba mtalii hana kosa kama mtambo umelala.

Sasa mbona mimi na wewe tusieleweke hivyo?

Ingia saiba yoyote hapa Eldoret, iwe ni ya katikati ya mji kando ya Uganda Road au ya kule Annex kwa wanafunzi. Kaa pale wiki ambayo kazi za serikali zimetangazwa. Utamkuta kijana anatafuta cheti cha tabia njema cha DCI, mwingine anatafuta barua ya HELB, mwingine ya KRA. Kila barua ina tovuti yake, nywila yake na siku yake ya kugoma. Mwenye saiba anasema, "Sistimu iko chini, rudi kesho." Kesho ukirudi, nafasi ya kazi imefungwa. Mwajiri hataki kusikia habari za sistimu. Kwake yeye hukutuma, basi.

Au chukua Juni 30, siku ya mwisho ya kuwasilisha ripoti za ushuru. Kila mwaka kilio ni kile kile, kwamba iTax imelemewa na wengi. Hata kama huna kazi na unawasilisha sufuri, ukichelewa unatozwa shilingi 2,000. Hebu fikiria, shilingi 2,000 kwa mtu ambaye ripoti yenyewe inasema hakupata hata ndururu.

Utasikia wakubwa wakisema, "Ninyi vijana hungoja dakika ya mwisho." Sawa, wengine wetu hungoja. Lakini siku ya mwisho nayo ni siku yetu. Sheria ilitupa hadi Juni 30, haikutupa hadi seva ichoke. Na mtambo ambao kila mtu anajua utajaa tarehe fulani, kila mwaka, unafaa kutayarishwa kwa tarehe hiyo, kama vile mwenye matatu anavyojipanga kabla shule hazijafungwa.

Kisha kuna upande wa pili wa kidonda hiki, yaani watu wa kutusaidia. Unapiga simu, unawekewa muziki huku kredo ikiyeyuka. Unaandika kwenye mtandao wa kijamii, roboti inakujibu, "Pole kwa usumbufu, tutumie nambari yako kwa inboksi." Unaituma, kimya. Ukibahatika kumpata mtu, anasoma maandishi yale yale: futa historia ya kivinjari, zima simu, iwashe tena. Mimi simkasirikii dada au kaka aliyeshika simu ile. Mara nyingi hana ruhusa ya kurekebisha chochote, amewekwa pale kupokea hasira zetu tu. Anayeweza kurekebisha hana nambari ya simu.

Ukiona haya ni mambo madogo, tazama yaliyotokea Uingereza. Shirika la posta la huko, Post Office, lilitumia programu ya hesabu iliyoitwa Horizon, iliyotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Programu ilionyesha kwamba pesa zimepotea kwenye vituo vidogo vya posta. Wasimamizi wa vituo walipopiga simu ya msaada, wengi waliambiwa ni wao pekee wenye tatizo hilo. Si kweli, walikuwa wengi. Kati ya 1999 na 2015, zaidi ya watu 900 walihukumiwa kwa wizi na makosa kama hayo, wengine wakafungwa jela. Ni mwaka wa 2024 ndipo bunge lilipopitisha sheria ya kufuta hukumu hizo. Kosa la tarakilishi liligeuka janga kwa sababu kila afisa aliamua kuiamini mashine na kumshuku mwanadamu.

Nasi tunaelekea huko taratibu. Mwaka wa 2024, wanafunzi wengi wa vyuo vikuu walilalamika kwamba mfumo mpya wa ufadhili uliwaweka katika bendi zisizolingana na hali za nyumbani kwao. Hapa Eldoret, penye Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Eldoret, hilo halikuwa jambo la kusoma gazetini tu. Mtambo umesema baba yako anaweza kulipa, na ni jukumu lako wewe, mwana wa mkulima, kuuthibitishia kwamba hawezi. Tena rufaa yenyewe unaipeleka mtandaoni, kwenye mtambo.

Huu ni mji wa wanariadha, kwa hivyo mfano utaelewa. Katika uwanja wa Kipchoge Keino, bastola ya kuanzisha mbio ikikwama, wakimbiaji hurudishwa kwenye mstari. Hakuna anayeondolewa mashindanoni kwa sababu kifaa cha mwamuzi kimeharibika. Mbio zinaanza upya.

Na sheria iko upande wetu kuliko tunavyodhani. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya huduma za kiwango kinachofaa, na kinagusa hata huduma zinazotolewa na taasisi za umma. Kifungu cha 47 kinadai uamuzi wa kiutawala uwe wa haraka na wa haki. Hata sheria ya taratibu za ushuru sasa inakubali kwamba adhabu inaweza kuondolewa ikiwa imetokana na hitilafu ya mtambo wa ushuru. Wazo limeshaingia kwenye vitabu. Tatizo ni kwamba mpaka uombe mwenyewe, na ushahidi uwe nao.

Basi kuwa nao. Mtambo ukigoma, piga picha ya skrini inayoonyesha tarehe na saa. Usifute ujumbe wa M-Pesa. Andika barua pepe siku hiyo hiyo, kabla ya saa sita usiku, hata kama ulishapiga simu, kwa sababu simu haiachi alama mkononi mwako. Omba nambari ya malalamiko. Wakikunyamazia na ni afisi ya umma, peleka karatasi zako kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ile inayoitwa Ombudsman.

Lakini isiwe ni mzigo wetu peke yetu. Kila taasisi inayotulazimisha kutumia tovuti ina rekodi ya dakika ambazo tovuti hiyo ililala. Izichapishe. Ikilala siku ya makataa, makataa yasogezwe bila mtu kuomba, na kila mtu atumiwe ujumbe kumwambia hivyo. Na pale Huduma Centre awepo afisa mmoja mwenye uwezo wa kurekebisha, si wa kusema pole tu.

Mtalii alipewa viza mlangoni mtambo ulipolala. Mkaaji wa Langas anayetafuta kazi anastahili angalau siku moja zaidi.