Gigabaiti za Kuahidiwa

Jumamosi iliyopita rafiki yangu anayetunza seva ya ofisi moja hapa Nairobi alinipigia simu. "Buda, hifadhidata imekataa kuandika, lakini df inaonyesha nafasi bado ipo!" Nilimwambia aandike lvs kwenye seva yenyewe. Asilimia 100.

Seva ile ina diski ya terabaiti 1. Jamaa alitumia LVM ya Linux kutengeneza volyumu nyembamba 5, zile za lvcreate --thin, kila moja gigabaiti 400. Piga hesabu mwenyewe: 2,000 juu ya 1,000. LVM hutoa onyo tu, haikatai, kwa sababu volyumu ya aina hii hutangaza ukubwa wake mapema ila huchota nafasi kutoka bwawa la pamoja pale tu data inapoandikwa. Ni kama chama kinachoahidi kila mwanachama mkopo, ilhali pesa za sandukuni hazitoshi nusu yao. Hakuna shida, mpaka waje wote.

Sasa lalamiko langu. LVM inaweza kulipanua bwawa yenyewe likikaribia kujaa. Lakini usipogusa lvm.conf, thin_pool_autoextend_threshold ni 100, na 100 maana yake imezimwa! Bwawa likijaa, uandishi husubiri sekunde 60, halafu makosa yanaanza. Najua wako watakaosema msimamizi asome mwongozo. Haya, asome. Ila breki haziuzwi zikiwa zimefunguliwa eti dereva atasoma kitabu cha gari.

Mimi huweka 70. Na siku ya kwanza kabisa huacha asilimia 20 ya diski bila kuigawa, maana bwawa haliwezi kupanuka kama hakuna pa kupanukia.

Kitu kingine kinachowachanganya wengi: kufuta faili hakurudishi nafasi kwenye bwawa. Rafiki yangu alikuwa amefuta logi za miezi mingi, ndiyo maana df ilifurahi. Mfumo wa faili ulijua, LVM haikujua. Lazima fstrim ipite ndipo ijue.

Tulichomeka diski ya pili, vgextend, lvextend, kisha fstrim. Hifadhidata ilirudi, ila mauzo ya alasiri nzima yaliingizwa upya kwa mkono kutoka kwenye risiti za karatasi.