Kipimajoto Kitangulie Turbo

Hakuna ombi ambalo fundi mitambo wa mashua za doria hulisikia mara nyingi kuliko hili: "Fundi, tuongezee mwendo." Ombi lenyewe si la upuuzi. Askari aliyemfuatia mvusha magendo usiku kucha katika Ziwa Viktoria, kisha akamwona akitokomea mbele ya macho yake, ana haki ya kukasirika. Lakini jawabu linalotolewa kwa wepesi, yaani kuifunga turbo injini ambayo haikutoka nayo kiwandani, ndilo ninalotaka kulizungumza na ndugu zangu wa majini, wanajeshi na polisi, kwani nimekwisha kuiona gharama yake.

Turbo tusiisingizie. Mswisi Alfred Büchi aliisajili hataza ya wazo hilo mwaka 1905, na katika miaka ya 1920 meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilifungwa injini ambazo nguvu zake zilipandishwa kutoka farasi 1,750 hadi 2,500 kwa njia hiyo. Moshi utokao katika silinda huzungusha gurudumu dogo, na gurudumu hilo huzungusha jingine lililo kwenye mhimili uo huo, ambalo husukumiza hewa ndani ya injini. Hewa ikizidi, mafuta mengi zaidi yaweza kuungua. Tena sisi watu wa maziwa tuna sababu ya ziada ya kuitaka. Uso wa Ziwa Viktoria uko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni hafifu kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Injini isiyo na turbo hupungukiwa na nguvu huku kwetu, hata ikiwa mpya.

Basi kosa liko wapi? Liko katika joto. Moshi wa injini ya dizeli iliyobebeshwa mzigo mzito waweza kufikia nyuzi 500 hadi 700 za Selisiasi kabla ya kuingia katika turbo, na dizeli iliyorukia chuma chenye nyuzi mia mbili na ushei huweza kuwaka bila cheche yoyote. Ndiyo maana mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, unaagiza kwamba sehemu ya mtambo inayozidi nyuzi 220, ambayo yaweza kurukiwa na mafuta bomba likipasuka, ifunikwe kwa kizuia joto. Turbo iliyotengenezwa kwa ajili ya mashua aghalabu huzungushiwa maji ya kupoza, au huvishwa blanketi maalumu. Ya lori haina ulinzi huo, kwa kuwa lori hupigwa na upepo njiani. Chumba cha injini cha mashua ni sanduku lililofungwa, na mara nyingi sanduku lenyewe ni la faibaglasi, ambayo huungua.

Katika kituo kimoja nilichopata kukitumikia, turbo iliyong'olewa katika lori ilifungwa kwenye mashua ya doria. Fundi, aliyekuwa koplo, alisema kwamba hapakuwa na geji ya joto la moshi wala kifuniko, na kwamba maji ya kupoza hayangetosha. Aliambiwa aache woga. Pampu ya dizeli ikafunguliwa ili imwage mafuta zaidi, moshi mweusi ukatoka, na watu wakaupigia makofi kana kwamba ni dalili ya nguvu, ilhali ni dalili ya mafuta yasiyopata hewa ya kutosha. Usiku mmoja, katikati ya msako, gugu maji liliziba tundu la kunyonyea maji ya ziwa. Maji hayo ndiyo yaliyokuwa yakinyunyizwa katika bomba ili kuupoza moshi. Yalipokatika, mpira wa bomba uliungua katika muda wa dakika chache, na moshi ukajaa chini ya sitaha. Koplo ndiye aliyeshuka. Aliungua mikono yote miwili. Aliyekuwa akifukuzwa akaenda zake, na taarifa ikaandikwa kwamba ni "hitilafu ya mtambo."

Linaloniuma zaidi ni kwamba mwendo wenyewe haukuongezeka kitu. Mashua ile ilikuwa nzito, ya umbo la kupasua maji na si la kuteleza juu yake, na urefu wake majini ulikuwa kiasi cha mita tisa. Chombo cha namna hiyo hufika kwenye maili saba na kitu za bahari kwa saa, kisha kila nguvu inayoongezwa huishia katika kuinua mawimbi. Hakuna aliyeuliza habari za umbo la chombo wala za panga lake, ingawa panga lisilolingana na injini latosha peke yake kuupandisha moto wa moshi.

Kwa hiyo rai yangu kwa wakuu wa vikosi ni kwamba fedha ya kwanza inunue kipimajoto cha moshi na king'ora cha kukatika kwa maji, vitu ambavyo bei yake ni ndogo mbele ya bei ya turbo. Chujio la maji likaguliwe kila kabla ya doria, maana magugu hayangoji zamu. Turbo ikiwa lazima, iwe ile ambayo mtengenezaji wa injini ameiidhinisha, pamoja na kipozea hewa chake. Na mkisha kufika gatini, tafadhali injini isizimwe papo hapo. Turbo ndogo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Injini ikizimwe ghafula, oili hukatika wakati chuma kingali cha moto, nayo huungua na kuganda ndani ya beringi. Dakika tatu hadi tano za mngurumo wa taratibu zatosha. Najua ni vigumu kwa kamanda aliyechoka kuzingoja.

Na fomu ya kuomba turbo iwe na mahali pa saini ya fundi, hata awe koplo, na bila saini hiyo kazi isifanyike. Utii ni nguzo ya jeshi, sikatai. Lakini koplo yule alitii, na hadi leo hawezi kukunja vidole vyake kushika spana.