Fundi wa kisima Buna na ubao unaopaa baharini

Buna haina bahari. Ukichora mstari wa moja kwa moja kutoka mji huo wa kaskazini mwa Wajir, kwenye barabara ya kwenda Moyale, hadi Lamu, utapita zaidi ya kilomita 500 za nyika kabla ya kuona maji ya bahari. Kwa hivyo msomaji ana haki ya kuuliza kwa nini safu ya watu wa Pwani inaanzia huko, tena katika makala kuhusu ubao wa umeme unaopaa juu ya maji. Jibu liko chini ya ardhi, ndani ya visima vya maji vya huko.

Ubao wenyewe wengi wetu tumeuona kwenye simu. Mtu amesimama wima, hakuna wimbi, hakuna tanga, hakuna kelele ya injini, na ubao hauguzi maji. Chini yake kuna mhimili wa aluminiamu wa urefu wa sentimita 70 hadi 90, na mwishoni mwa mhimili huo kuna mabawa mawili kama ya ndege, dogo nyuma na kubwa mbele. Mota ndogo yenye propela imefungwa karibu na mabawa. Chombo kinapofika mwendo wa kama kilomita 15 kwa saa, bawa huinua mzigo wote, ubao ukatoka majini, na kuanzia hapo maji yanayokizuia ni yale tu yanayogusa mhimili na mabawa.

Wazo hilo si geni. Muitaliano Enrico Forlanini alijaribu chombo cha mabawa kwenye ziwa Maggiore mwaka 1906, na mwaka 1919 chombo cha Alexander Graham Bell, yule yule wa simu, kilipita kilomita 110 kwa saa nchini Kanada. Kilichobadilika miaka hii ni betri na mota. Vimekuwa vidogo na vyepesi kiasi cha kuingia ndani ya ubao wa mtu mmoja. Bei ya dukani ndiyo inayokata maini: ubao mpya kutoka kwa watengenezaji wakubwa wa ng'ambo huvuka shilingi milioni moja za Kenya kwa urahisi. Ndiyo maana watu wengi duniani wamejifunza kuuunda wenyewe, nyumbani.

Kuunda ubao ndiyo kazi rahisi. Povu gumu hukatwa, hufunikwa kwa kitambaa cha faiba na gundi ya epoksi, kisha hupigwa msasa. Fundi yeyote wa boti za faiba Mombasa au Kilifi angeifanya akiwa anapiga soga. Mhimili na mabawa hununuliwa. Ugumu unaanza mahali ambapo umeme unakutana na maji.

Na hapa ndipo Buna inapoingia. Katika miji ya Wajir, kama ilivyo Garissa na Mandera, visima vingi virefu vilivyokuwa vikiendeshwa kwa jenereta ya dizeli sasa vinaendeshwa kwa sola. Pampu inayoshushwa kisimani ni mota inayofanya kazi ikiwa imezama majini siku nzima, mwaka mzima. Nyingi za pampu hizo za sola hutumia mota isiyo na brashi, yenye nyaya tatu, inayoongozwa na kidhibiti kilicho juu ya ardhi. Kiungo cha waya kisipozibwa sawasawa, maji huingia na mifugo inakosa kunywa. Maji ya visima vingi vya Wajir yana chumvi, na chumvi haina huruma na shaba wala chuma.

Sasa linganisha na ubao. Mota isiyo na brashi, nyaya tatu, kidhibiti, viungo vinavyozama, chumvi. Ni kazi ile ile kwa umbo dogo. Kijana aliyewahi kuvuta pampu ya sola kutoka mita 100 chini ya ardhi, akaifungua, akabadilisha kizibo na kuirudisha, anajua sehemu ngumu zaidi ya chombo cha umeme kuliko mwenye hoteli atakayekinunua. Tumezoea kudhani kwamba ujuzi wa vyombo vya majini unatoka Pwani kwenda bara. Katika jambo hili huenda ukasafiri kinyume.

Betri ndiyo inayohitaji kusemwa kwa undani, kwa sababu ndiyo inayoweza kuua. Mfano wa kawaida wa betri ya kujiundia una seli 112 za lithiamu za umbo la silinda, ndogo kuliko kidole gumba cha mtu mzima mnene. Seli 14 hufuatana kwa mstari ili kufikisha takriban volti 50, na mistari minane ya namna hiyo huwekwa pamoja. Kila seli ikiwa na saa-ampea 3, jumla ni kama kilowati-saa 1.2. Mtu wa kilo 80 akipaa hutumia kama kilowati 2, kwa hivyo atapata nusu saa na kidogo zaidi. Wakati wa kuinuka, mota humeza mara mbili ya kiasi hicho kwa sekunde chache, na ni sekunde hizo zinazoyeyusha waya mwembamba.

Seli za bei nafuu zinazouzwa mitaani mara nyingi zimetolewa kwenye betri za kompyuta zilizochoka. Hazilingani. Moja hujaa mapema, nyingine huchelewa, na ile dhaifu ndiyo inayopata joto. Bila kibodi cha ulinzi, kile ambacho mafundi hukiita BMS, na bila seli mpya za aina moja, unachounda ni bomu la polepole. Moto wa lithiamu hauzimwi kwa ndoo ya maji. Unaweza kutulia kisha ukawaka tena. Atakayejaribu asiichaji betri hiyo ndani ya chumba cha kulala, wala mlangoni ambako ndiyo njia pekee ya kutokea. Nyumba zetu za mitaa ya zamani Mombasa na Lamu zimebanana ukuta kwa ukuta, na moto wa jirani ni moto wako.

Je, ubao huu una kazi gani kwetu zaidi ya kuwafurahisha watalii wa Diani na Watamu? Hapo tufanye hesabu bila kujidanganya. Lita moja ya petroli ina kama kilowati-saa 9 za joto. Mashine ndogo ya boti hupoteza sehemu kubwa ya hizo, lakini hata ikigeuza moja kwa tano tu kuwa mwendo, lita hiyo inatoa zaidi ya betri nzima ya ubao wetu. Mvuvi anayetoka Kipini au Malindi kwenda bahari kuu na kulala huko hawezi kubeba betri za kutosha leo bila kuacha nafasi ya samaki. Na mabawa hayamfai hata kidogo: ni kwa vyombo vyepesi. Mashua iliyosheheni nyavu na barafu haitapaa.

Hata mchezo wenyewe una mipaka ya Pwani yetu. Maji ya Mombasa hupanda na kushuka karibu mita 4 wakati wa bamvua. Ndani ya mwamba, maji yakitoka, mhimili wa sentimita 80 utagonga matumbawe ukiwa kwenye kilomita 25 kwa saa. Nyasi za baharini nazo huizonga propela. Mtu avae kofia ngumu, na asipite wanakoogelea watoto, kwa maana lile bawa la mbele ni kisu.

Lakini ondoa bawa, bakisha mota na betri, uviongeze ukubwa. Sasa una kitu kinachofaa safari fupi zinazorudiwa mara nyingi mahali penye jua: Lamu kwenda Shela, Lamu kwenda uwanja wa ndege wa Manda, kuvuka mikono ya bahari Kilifi na Mtwapa. Katika Ziwa Victoria, upande wa Kenya, jambo hilo halipo tena kwenye ndoto: kampuni ya ASOBO huwapa wavuvi injini za umeme kwa utaratibu wa kulipia matumizi, betri zikichajiwa nchi kavu. Stockholm, Uswidi, kivuko cha umeme chenye mabawa cha kampuni ya Candela kilianza kubeba abiria mwaka 2024. Sisi tuko mahali fulani kati ya hayo mawili, na uwezo wa kuunda tunao. Jahazi la Flipflopi lilishushwa majini Lamu mwaka 2018 chini ya fundi Ali Skanda, likiwa limeundwa kwa plastiki zilizookotwa ufuoni, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Unguja. Watu walicheka pia kabla halijaelea.

Kisha kuna mto Tana, ambao haupewi nafasi katika mazungumzo haya. Mvua za El Nino za mwisho wa 2023, na tena zile za Aprili 2024, zilikata barabara kati ya Garissa na Madogo. Watu wa Garissa, na wasafiri wa kutoka mbali kama Wajir na Buna, walilazimika kuvuka kwa boti. Mwishoni mwa Aprili 2024 boti yenye abiria wengi ilipinduka Kona Punda. Msalaba Mwekundu wa Kenya ulisema watu 23 waliokolewa, na wengine walikufa maji. Sidai kwamba mota ya umeme ingezuia ajali ile. Mkondo mkali hauulizi injini ni ya aina gani, na katika maji yale ya tope, yenye magogo na mamba, mwenye kutaka kupaa kwa bawa ashauriwe na wazee wake. Ninachosema ni kwamba barabara inapokatika malori ya mafuta nayo hukwama, na chombo cha kuvusha watu mita mia chache kinaweza kuchajiwa pale pale, katika kaunti ambayo tangu Desemba 2019 ina mtambo wa sola wa zaidi ya megawati 50.

Kinachokwamisha ni sera zaidi ya ufundi. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka betri za lithiamu na pikipiki za umeme kwenye VAT ya asilimia sifuri. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kubadilisha mpangilio huo, kisha mswada wote ukaanguka Juni mwaka huo Rais alipokataa kuutia sahihi baada ya maandamano. Fundi anayeagiza seli leo hawezi kupanga bei ya mwaka ujao. Tena orodha ile ilitaja pikipiki, baiskeli na mabasi ya umeme. Vyombo vya majini vilisahauliwa, ingawa nchi hii ina bahari, maziwa na Tana.

Upande wa usalama, Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA, ndiyo inayokagua vyombo vidogo. Mkaguzi aliyezoea kuangalia mbao, maboya na mashine ya petroli atahitaji kujua kufungua kasha la betri na kuuliza maswali: seli ni za aina gani, kibodi cha ulinzi kiko wapi, swichi ya kukata umeme iko karibu na nahodha au imefichwa chini ya mizigo? Bila hayo, chombo cha kwanza cha kujiundia kitakachoungua kikiwa na abiria kitafunga mlango kwa miaka kumi.

Mradi wa K-OSAP wa kupeleka sola nje ya gridi umezishika kaunti 14, zikiwamo Wajir na Garissa, na pia Lamu, Tana River, Kilifi na Kwale. Nyika na Pwani ziko kwenye orodha moja, kwa sababu moja ya kukosa umeme. Vyuo vya ufundi vya kaunti hizo vinaweza kubadilishana wanafunzi muhula mmoja tu: wa Wajir washuke Lamu kujifunza faiba na mkondo wa maji, wa Lamu wapande Buna kuvuta pampu kisimani. Chombo cha kwanza cha kujaribia kiwe kidogo, cha mtu mmoja, ndani ya maji ya kiunoni. Ubao, kwa mfano.